Mashine Iliyouliza Saa

Nilipokuwa chuoni Dar es Salaam, mtu akiniuliza kwetu ni wapi nikamjibu Sumbawanga, alicheka kwanza, halafu akasogeza kiti. Wengine, kwa kuwa Sumbawanga inasifika kwa uchawi, walitaka niwaonyeshe jinsi radi inavyotumwa. Mmoja aliniomba nimsaidie mtihani wa hesabu, wala si kwa kumfundisha, bali kwa kumfanyia mpango. Nilimjibu kwamba mpango ninao, unaitwa kusoma. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwa nini, miaka michache baadaye, maneno mawili yaliyosemwa kwa utani ghalani kwetu yalinikasirisha kiasi kile, na kwa nini sikukubali yapite hivi hivi.

Ulikuwa wakati wa soko huria. Ghala la zamani la ushirika lilikuwa limechukuliwa na kampuni binafsi iliyonunua mahindi na maharage ya Ufipa. Ukuta ulipakwa rangi mpya, lakini mvua ikinyesha maandishi ya zamani yalijitokeza chini yake, na wakulima waliendelea kusema wanapeleka mahindi ushirika. Mimi niliajiriwa kupiga chapa. Nilikuwa na cheti cha kompyuta na nilijua lugha ya C, lugha ya kuandikia programu, lakini aliyenipokea alitazama cheti, akanitazama mimi, binti mfupi niliyetoka kijijini Mollo kwa baiskeli, akanionyesha meza ya kuandikia hati za kupokelea magunia.

Nilizipiga hati hizo mwaka mzima. Katikati ya kazi, mashine ikiwa bure, nikawa naandika vitu vyangu. Polepole nikapata maktaba. Maktaba hii haina vitabu. Ni mkusanyiko wa vipande vya programu: kimoja kinasoma namba kutoka kwenye mzani, kingine kinatoa uzito wa gunia tupu, kingine kinajumlisha mzigo wa lori zima. Mtu mwingine akiandika programu yake na akahitaji kupima, haanzi upya, anaviazima vile. Nilipomweleza mama yangu kwa Kifipa jikoni, aliniuliza swali moja tu: je, wewe usipokuwepo, watu wataweza kukitumia hicho kitu chako? Nikasema ndiyo. Akasema, basi umefua jembe. Kwetu hilo si neno la kutupa, kwa maana vilimani bado yamesimama matanuru ya udongo ya waliofua chuma kabla yetu, na hakuna aliyewafundisha kutoka Dar.

Maghala mengine matatu ya kampuni yakaanza kuitumia maktaba yangu. Niliwatumia kwa flopi, diski nyembamba ya kubebea mafaili, ndani ya bahasha, kwa kondakta wa basi. Basi ikaja barua kutoka makao makuu. Kampuni inanunua mashine mpya zenye mfumo tofauti kabisa, na mtaalamu atakuja Sumbawanga kwa siku tatu kuangalia kama maktaba inaweza kuhamia huko. Ikishindwa, itaachwa, itanunuliwa programu kutoka nje ya nchi, na mimi nitarudi kwenye hati zangu. Barua haikuzunguka. Jumatatu hadi Jumatano, na Alhamisi alfajiri mtaalamu anapanda basi na ripoti yake mfukoni.

Alikuja kupitia Tunduma akiwa ameipakata mashine mpya njia nzima, imefungwa kwa blanketi mbili. Blanketi alizileta kwa ajili ya mashine, mwenyewe hakuleta hata sweta. Ilikuwa mwezi wa sita. Asubuhi ile upepo wa Ufipa ulimpiga akatetemeka mpaka katibu muhtasi wetu akamwonea huruma, akamwazima mtandio wake. Kwa hiyo mara ya kwanza nilipomwona mtu aliyekuja kunihukumu, alikuwa amejifunika mtandio wa maua mekundu mabegani, anapuliza chai.

Huyo katibu muhtasi lazima nimweleze. Alikuwa dada kutoka Mbeya, amenizidi miaka kama kumi, alikuja huku kumfuata mumewe aliyekuwa mwalimu. Mwimbaji wa kwaya, msafi, hakosei herufi. Yeye ndiye aliyefungua ofisi kila asubuhi, akafuta vumbi, akawasha mashine yetu ya zamani, kisha akaweka maji ya chai. Mashine ile betri yake ndogo ya ndani ilikuwa imekufa siku nyingi, na umeme wa mji wetu ulikuwa wa jenereta, ukija na kuondoka utakavyo. Kwa hiyo kila ikiwashwa ilikuwa imesahau tarehe na saa, na haikusonga mbele mpaka iulize na ijibiwe. Dada aliijibu. Sikuwahi kulifikiria jambo hilo, kama usivyofikiria nani amefungua madirisha.

Jumatatu tulianza. Maktaba ilikuwa imezaliwa kwenye mashine ya zamani, na kuihamisha kwenda mpya hakukuwa kunakili tu. Programu huandikwa kwa maneno ambayo binadamu anaweza kuyasoma, halafu hukompailiwa, yaani hugeuzwa kuwa kitu ambacho mashine inaweza kukitenda, na kila mashine ina ugeuzaji wake. Mashine mpya ilikataa tangu faili la kwanza. Ya zamani haikujali herufi kubwa na ndogo, MZANI na mzani kwake ni mamoja. Mpya iliona mafaili mawili tofauti, moja lipo na jingine halipo. Nikayabadilisha yote. Halafu ikalalamikia mwisho wa kila mstari, maana ya zamani huweka alama mbili pale na mpya inataka moja. Nikazifuta zile za ziada. Mtaalamu alikaa pembeni na mtandio wake, akiandika kwenye daftari kila kosa lililotokea. Niliona hakuandika lolote nililolirekebisha.

Kufika saa tisa mchana maktaba ilikuwa imekubali kujengwa. Tukaiunganisha na mzani. Magunia matano ya kwanza yakasoma sawasawa. Nikaanza kupumua. Ndipo akaingia mzee mmoja wa Mpui na vijana wawili wamebeba lumbesa.

Asiyejua lumbesa namweleza. Ni gunia linalojazwa mpaka mdomo haufungi, kisha linaongezewa kilemba juu na kushonwa kwa kamba. Walanguzi wa mbali wanaohesabu magunia badala ya kilo ndio waliowazoesha wakulima wetu hivyo. Sisi tulipima kwa kilo, lumbesa haikuwa na maana kwetu, lakini mkono ukishazoea kujaza unajaza. Tulimwamkia mzee shikamoo, vijana wakalitua gunia. Mzani ukasema kilo mia moja thelathini na moja. Skrini ya mashine mpya ikasema hasi mia moja ishirini na tano.

"Hasi ndiyo nini?" mzee akauliza.

"Ni kama pungufu, babu," nikamwambia. "Chini ya sifuri."

Akalitazama gunia lake. "Yaani gunia langu limeingia humu ndani, likala kilo zenu?"

Vijana wakacheka. Mtaalamu naye akacheka mpaka mtandio ukamdondoka. "Sumbawanga bwana," akasema akiuokota. "Huku hata mahindi yanapaa."

Nilihisi masikio yanawaka. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba kosa lilikuwa langu, nililijua papo hapo. Katika C kuna kisanduku kidogo kabisa cha kuwekea namba. Nilikichagua kwa ubahili, kwa sababu mashine ya zamani ilikuwa na kumbukumbu finyu na magunia ya siku ni mengi. Kwenye mashine ya zamani kisanduku hicho kilihesabiwa kuanzia sifuri hadi mia mbili hamsini na tano, lumbesa yoyote inaingia. Kwenye mashine mpya kisanduku hicho hicho kilihesabiwa nusu upande wa hasi na nusu upande wa chanya, na chanya yake iliishia mia moja ishirini na saba. Ukipita hapo, namba inazunguka na kutokea upande wa pili. Dawa yake ni neno moja tu, la kuiambia mashine kwamba humu hamna hasi.

"Nipe dakika kumi," nikamwambia mtaalamu.

Nikaenda kwenye mashine ya zamani, ambako vidole vyangu vilikuwa nyumbani, nikaliongeza lile neno, nikafungasha mafaili kwenye flopi, nikayafungua kwenye mashine mpya, nikajenga maktaba, nikarudisha lumbesa mzanini. Hasi mia moja ishirini na tano. Nikarudi, nikahakikisha neno lipo. Lipo. Nikafungasha tena, nikajenga tena. Hasi. Mara ya tatu mzee wa Mpui alikuwa amekaa juu ya gunia lake jingine anatafuna muwa, na mtaalamu alikuwa ameacha kucheka, anaandika. Saa kumi na moja jioni aliaga. Nilipanda baiskeli kurudi Mollo na upepo usoni, nikimtukana kila mtu kwa Kifipa, kuanzia na mimi mwenyewe.

Jumanne nilifika mapema. Sikuwa na wazo jipya. Nililifungua tu faili, nikafuta lile neno nikaliandika tena herufi kwa herufi, nikalihifadhi, flopi, mashine mpya, jenga. Tukaomba gunia zito. Skrini ikasema mia moja thelathini na moja, chanya, bila aibu. Nilipiga kelele wapagazi wakaja kuchungulia.

Mtaalamu akaingia, akaona, akakunja uso. "Jana nimekuacha na hasi. Leo nakuta chanya. Umebadilisha nini?"

"Hakuna. Ni neno lile lile."

"Neno lile lile." Akawageukia wapagazi. "Huyu binti usiku alikwenda kwa nani?"

"Nilikwenda kulala," nikasema. "Na shikamoo sikupi tena leo."

Alidhani natania. Sikuwa natania. Lakini sikuwa na jibu pia, na programu inayopona bila sababu inatisha kuliko inayoumwa. Saa haikupita tukaona kosa jingine: gunia likipimwa mara mbili, uzito wa gunia tupu ulitolewa mara mbili. Jambo dogo. Ilipofika saa tano asubuhi nilikuwa nimelirekebisha kwenye mashine ya zamani na kulihamishia mpya. Halikubadilika. Nikajaribu tena, halikubadilika. Mtaalamu akafunga daftari taratibu.

"Sikiliza, binti. Kazi yako nimeiona, una akili. Lakini marekebisho yako hayashiki mchana, yanashika yakishalala. Programu inayopona ikilala siyo programu, ni mgonjwa. Kesho nitaandika kwamba haiaminiki." Halafu, kwa sababu alikuwa ameganda, akaenda sokoni kutafuta sweta ya mtumba.

Nilibaki nimekaa. Nataka niseme ukweli, nililia kidogo, machozi ya hasira ambayo ukiyafuta yanaongezeka. Lakini lile neno lake likabaki kichwani. Yanashika yakishalala. Alilisema kama dhihaka, ila lilikuwa kweli. Alilolisema mpumbavu kwa dhihaka mwenye shida hulipima. Kama linashika likishalala, basi kuna kitu kinachohesabu siku.

Nikaiambia mashine mpya inionyeshe orodha ya mafaili yangu na saa kila moja lilipoandikwa mara ya mwisho. Faili nililolirekebisha asubuhi ile lilikuwa na saa yake: tano na dakika mbili. Kwa kompyuta, ambayo siku yake inaanzia usiku wa manane, hiyo ni saa kumi na moja alfajiri.

Vinyweleo vikanisimama. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa Mollo, nimejifunika blanketi, nikimsikia mama akipuliza moto. Ofisi ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Nani alikaa kwenye kiti changu gizani akaandika kwenye faili langu? Miaka yote ya kuwatukana watu wa Dar kwa upuuzi wao, na mimi mwenyewe kwa muda wa kupepesa macho niliamini. Naona haya kuliandika hilo, lakini liliingia, na nililifukuza kwa kugonga meza.

Nikatazama saa ya ukutani. Mkono mfupi ulikuwa kwenye nne. Mtu yeyote wa Sumbawanga, wa Mbeya, wa Dar, akiitazama saa ile atakuambia ni saa kumi. Hakuna anayesoma namba iliyoandikwa, sote tunasoma ile inayokabiliana nayo, tangu utotoni, bila kufikiri. Na mimi marekebisho nilikuwa nimeyafanya saa ngapi? Saa tano asubuhi. Faili lilisema tano. Faili halikudanganya hata kidogo, ila lilikuwa limejibu kwa Kiswahili kwa mashine iliyouliza kwa Kiingereza.

Yote yakajipanga mbele yangu. Nilikuwa natumia programu ndogo ya kujengea maktaba, naiita mjenzi. Mjenzi ni mvivu kwa makusudi. Hakompaili upya kila kitu, anaangalia saa: maandishi yakiwa mapya kuliko ile nakala iliyokompailiwa, anakompaili, yakiwa ya zamani, anaiacha nakala ilivyo na kuitumia hiyo hiyo. Mashine mpya ilikuwa na saa ya kizungu kutoka dukani. Ya zamani ilikuwa nyuma yake kwa saa sita kamili. Nikirekebisha saa tano asubuhi, flopi inabeba saa hiyo na kumwambia mjenzi kwamba maandishi haya ni ya alfajiri, na yeye anajua alikompaili asubuhi. Anasema, haya nimeshayashughulikia. Marekebisho yangu yalikuwa yanafika mlangoni na kurudishwa. Ikipita siku moja, tarehe inasonga, hata saa mbovu inakuwa mpya kuliko jana, na mjenzi anakubali. Ndiyo kulala kwenyewe. Na kwa muda wote mashine ya zamani ilipokuwa peke yake hakuna aliyejua, kwa sababu maandishi na nakala vyote vilikuwa na kosa lile lile na havikuwahi kugombana.

Nikaenda kwa dada, aliyekuwa anapanga bahasha.

"Dada, asubuhi mashine ikikuuliza saa, huwa unaandika nini?"

"Naandika saa iliyopo. Leo nimeandika mbili, maana nimefungua saa mbili." Akanitazama vizuri. "Kwani nimeharibu?"

Nikamweleza. Akaweka bahasha chini. Miezi mitatu nyuma kampuni ilikuwa imepunguza watu, na mumewe alikuwa hajalipwa mshahara, kwa hiyo najua alichokiona mbele yake.

"Mdogo wangu," akasema kwa sauti ndogo, "usinitaje. Yule kaka anatafuta jina la kuandika. Akipata langu, mimi nimekwisha."

Na hapo ndipo nilipokuwa na njia rahisi. Ningemwambia mtaalamu usiku ule ule nyumba ya wageni: maktaba yangu ni nzima, tatizo ni katibu muhtasi hajui kuandika saa. Ningesalimika mimi na maktaba yangu. Nilikataa, na si kwa wema tu. Nilikataa kwa sababu haikuwa kweli. Yule dada aliulizwa saa akajibu saa. Tangu lini mtu aliyejibu sahihi akawa ndiye wa kusahihishwa?

"Sikutaji," nikamwambia. "Ila kesho asubuhi usiiwashe mashine. Niachie."

Jumatano mtaalamu alikuja na sweta ya kijani inayomfika magotini, amechangamka kwa joto. Nilimwamkia shikamoo yake. Nikamwambia: "Mtaalamu, kabla hujaandika, naomba uyafanye marekebisho wewe mwenyewe kwa mkono wako. Mimi sitagusa kitu. Yakishika, ni mimi niliyekuwa na mkosi. Yasiposhika, tutaongea."

Alipenda. Alikaa mbele ya mashine ya zamani, akakunja mikono ya sweta, akaiwasha. Ikanguruma, ikauliza tarehe, akaandika. Ikauliza saa.

"Kwani sasa saa ngapi?" nikauliza kutoka nyuma yake. Nilimtega, sikatai.

Akainua mkono, akaitazama saa yake, mkono mfupi ukiwa kwenye tisa. "Saa tatu na robo," akasema, na vidole vyake vikaandika tatu na kumi na tano, akabonyeza, akaendelea.

Dada alikuwa mlangoni na birika la chai. Sikumtazama, naye hakunitazama.

Rekebisho langu la gunia tupu nilikuwa nimeliondoa jana jioni kwenye mashine zote mbili, nikamwomba kwanza ajenge maktaba nzima upya kwenye mashine mpya, tuanze sote kwenye mstari mmoja. Akaijenga. Halafu akarudi kwenye ya zamani, akarekebisha lile kosa la gunia tupu kwa njia yake mwenyewe, nzuri kuliko yangu, nakiri. Flopi. Mashine mpya. Jenga. Gunia likapimwa mara mbili na uzito ukatolewa mara mbili, kama kawaida. Akajaribu tena. Mara ya tatu alianza kutokwa jasho ndani ya sweta. Mpagazi mmoja mlangoni akamuuliza kwa adabu kabisa, "Bosi, na wewe usiku ulikwenda kwa nani?"

Nilisubiri acheke. Hakucheka. Ndipo nikamfungulia orodha ya mafaili, nikaweka kidole kwenye saa ya faili lake. Tatu na dakika arobaini. Alilitazama, akaitazama saa yake mkononi, akaitazama ya ukutani. Niliona uso wake ukifanya safari ile ile niliyoifanya jana, pamoja na ile nusu dakika ya kutisha gizani, na nikafurahi kwamba na yeye ameipita.

"Ni mimi niliyeandika tatu," akasema hatimaye.

"Ni wewe."

"Na siku nyingine?"

"Siku nyingine ni sisi."

Akachukua kalamu. "Basi nitapendekeza watumishi wa maghala yote wafundishwe kuandika saa ya kizungu. Na hapa nitaeleza kulikuwa na uzembe wa mtumishi."

"Andika watumishi wawili basi," nikasema. "Na wa pili uandike cheo chake."

Akaiweka kalamu chini. Mdomo ukishafunguka haufungiki. Nikamwambia mashine ndiyo iliyokuja Sumbawanga, sisi hatukuifuata kwao. Mgeni ndiye anayejifunza salamu za wenyeji. Mtu mzima aliyesoma, mwenye saa mkononi, ameulizwa saa akajibu kama alivyofundishwa na mama yake, na wewe unataka kila asubuhi ajikane kwanza ndipo afanye kazi. Nipe saa moja.

Alinipa. Nikaandika kipande kipya ndani ya maktaba, hakikufika mistari hamsini. Mashine ikiwashwa inauliza kwa Kiswahili, sasa ni saa ngapi, halafu inauliza kama ni asubuhi, mchana, jioni au usiku, na kazi ya kuongeza zile saa sita inaifanya yenyewe kimya kimya. Nikaizima mashine, nikamwita dada aiwashe. Iliuliza, akajibu, akaenda kumalizia chai yake. Tukayachukua marekebisho ya mtaalamu, yale yale yaliyokataa asubuhi nzima, tukayahifadhi upya na kuyahamisha. Yalishika mara ya kwanza, mchana kweupe, hayakulala hata dakika.

Aliandika ripoti yake kwa mkono pale pale mezani kwangu. Niliisoma kichwa chini miguu juu kadiri alivyoandika, hakunizuia. Maktaba ina uwezo wa kufanya kazi kwenye mashine mpya. Makosa mawili yamepatikana na kurekebishwa. Kipande cha kuulizia saa kipelekwe maghala yote. Maktaba ibaki, na aliyeiandika apewe kazi ya kuitunza. Hakutaja uzembe, hakutaja mtumishi yeyote. Hakuandika pia kwamba alisema Sumbawanga bwana, na mimi sikumdai radhi, kwa sababu nilikuwa nimeshapata kikubwa kuliko radhi.

Akampa dada aipige kwenye taipureta, maana basi lilikuwa la alfajiri. Sote watatu tulikuwa chumba kimoja. Dada alipiga haraka kama kawaida yake, bila kutazama vidole, mpaka alipofika chini, pale mtaalamu alipoweka sahihi, tarehe na saa. Hapo akasimama. Akainua karatasi ya mwandiko karibu na macho, kisha akageuka, sauti yake ya kwaya ikiwa laini kabisa.

"Bosi, samahani. Hapa mwisho umeandika saa saba na nusu. Niiache hivyo, au niibadilishe iwe saa kumi na tatu na nusu?"

Mtaalamu akamtazama, akanitazama mimi. Akavuta mikono ya sweta yake ikafunika vidole.

"Iache," akasema.

Dada akageukia taipureta, akaipiga kama ilivyo.